Umeme Mdogo Juu ya Utosi: Elimu, Subira na Amana



Neno "umeme" likitajwa karibu na neno "kichwa", nyoyo za wengi wetu hushtuka. Mtu mzima hukumbuka hadithi za wagonjwa wa akili waliotiwa umeme hospitalini wakatetemeka mwili mzima. Kijana naye hukumbuka tangazo aliloliona katika simu yake: kofia yenye nyaya, inayouzwa kwa ahadi ya kunoa akili na kuongeza kumbukumbu. Baina ya khofu ya yule na tamaa ya huyu ipo elimu ya kweli, nayo ingali changa. Juma hili nimeona tuizungumze, kwa kuwa maradhi inayoyahusu yamo majumbani mwetu: huzuni nzito isiyoondoka, kiharusi, na usahaulifu wa uzeeni. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo ni rahisi kutishwa, na ni rahisi zaidi kuuziwa matumaini.

Mambo mawili yasichanganywe

La kwanza ni ile tiba ya zamani ambayo wengi wameisikia. Ilianza Roma mwaka 1938 kwa mikono ya madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini. Katika tiba hiyo umeme hupitishwa kichwani kwa makusudi ya kuleta degedege. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa na misuli yake hulegezwa kwanza, na tiba hiyo ingali inatumika kwa wale ambao huzuni yao imekuwa kali mno na dawa zimeshindwa. Mkondo wake aghalabu hufikia miliampea 800 au 900.

La pili, ambalo ndilo mada yetu, ni mkondo wa miliampea 1 au 2 tu. Miliampea moja ni sehemu moja katika elfu ya ampea. Chaja ya simu hutoa ampea 1 au 2. Basi kinachopitishwa kichwani hapa ni kama sehemu ya elfu ya mkondo uingiao katika simu yako. Kifaa chenyewe ni kijisanduku cha betri chenye nyaya mbili, na kila waya umeishia katika kipande cha mpira kiitwacho elektrodi, kilichovikwa sponji iliyolowa maji ya chumvi. Sponji hizo hufungwa kichwani kwa mkanda. Hapana kupasua, hapana sindano, hapana dawa ya usingizi. Mtu hukaa kitini akiwa macho, akahisi mwasho au mchonyoto mdogo mahali sponji zilipo, na baada ya dakika 20 au 30 hufunguliwa akaenda zake.

Wala asidhani mtu kwamba udogo huo ni ruhusa ya kujaribu kwa chaja au waya wa ukutani. Kifaa cha maabara kimeundwa ili mkondo usizidi kiwango kilichowekwa. Waya wa nyumbani hauna kizuizi hicho, nao unaua.

Kutoka kwa samaki hadi maabara

Kutumia umeme kutibu kichwa ni jambo kongwe kuliko neno umeme lenyewe. Katika karne ya 1, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki hai, wa jamii ya taa mwenye kutoa umeme, mahali panapouma, mpaka pafe ganzi. Waarabu nao walimjua samaki wa mto Nile mwenye tabia hiyo, wakamwita kwa jina litokanalo na asili moja na neno letu "radi". Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, alimweleza samaki huyo na mtetemo anaompata amgusaye. Wote hao waliona athari, lakini sababu yake ilikuwa bado haijajulikana.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri ya kwanza. Haikupita miaka mingi, Giovanni Aldini wa Bologna akaanza kuielekeza kwenye vichwa vya wagonjwa wa huzuni, akaeleza kwamba walipata nafuu. Huenda walipata kweli. Lakini Aldini hakuwa na kundi jingine la wagonjwa wa kuwalinganisha nao. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua kama kilichowaponya ni betri, au ni muda, au ni kule kuangaliwa na daktari mwenye bidii. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Jambo hili lilififia na kufufuka mara kadhaa, hata ulipofika mwaka 2000. Katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Michael Nitsche na Walter Paulus walipitisha mkondo wa miliampea 1 kwa dakika chache juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Ili wapate kipimo badala ya hisia, walitumia sumaku ya kugusia ubongo: kila ikipiga, msuli mdogo wa mkono huruka, na kuruka kwake hupimwa. Waliona kwamba elektrodi chanya ikiwa juu ya sehemu hiyo, msuli huruka zaidi; ikiwa hasi, huruka kidogo kuliko kawaida. Tofauti ilifika hadi asilimia 40. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba dakika 13 za mkondo huacha athari inayoweza kudumu hadi saa moja na nusu baada ya kifaa kuzimwa. Hapo maabara nyingi duniani zikaingia kazini.

Mkondo huu hufanya nini?

Chembe za ubongo zenyewe huzungumza kwa umeme. Mkondo huu mdogo hauna nguvu ya kuzilazimisha zizungumze. Huzisogeza tu karibu au mbali na hali ya kuzungumza. Sisi watu wa pwani tunaweza kulifahamu kwa mfano wa mashua iliyokaa mchangani. Maji yakijaa kidogo, hayaipeleki mashua popote, lakini baharia akiisukuma itateleza kwa wepesi. Maji yakitoka, nguvu ile ile haitoshi.

Katika mfano huu baharia ni kazi anayoifanya mtu mwenyewe. Kwa hiyo watafiti wengi huufuatanisha mkondo na mazoezi: aliyepooza mkono kwa kiharusi hufanya mazoezi ya mkono, na aliyepoteza maneno hufanya mazoezi ya kutaja vitu. Mkondo bila ya kazi ni maji yaliyojaa bandarini pasipo baharia. Na baharia akisukuma upande usiofaa, maji yale yale yatamsaidia kupotea.

Ni nani wafanyao kazi hii?

Tukisoma habari za ugunduzi hutajwa profesa na chuo chake. Lakini anayefunga sponji, anayekesha na hesabu, na anayeandika rasimu ya kwanza, aghalabu ni mtafiti aliyekwisha kupata shahada ya uzamifu na bado hajapata kiti chake mwenyewe. Huajiriwa katika maabara ya profesa kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Waliokaa katika darsa zetu watalitambua jambo hili: ni kama mwanafunzi aliyekwisha kupewa ijaza, naye bado yumo katika duara ya shekhe wake, akiwasomesha wadogo huku akitafuta kusimama kwa miguu yake.

Siku yake huanza kwa utepe wa kupimia. Hupima kichwa cha aliyejitolea kutoka mzizi wa pua hadi kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio, akatia alama mahali elektrodi zitakapokaa. Kwani kukosea kwa sentimita chache ni kuupeleka mkondo mahali pengine. Kabla ya hapo amekwisha kuuliza maswali yake: Je, una chuma chochote ndani ya kichwa? Una kifaa cha kusaidia moyo? Umewahi kushikwa na kifafa? Unatumia dawa gani? Ngozi ya kichwa ina kidonda? Jibu moja laweza kumfanya amrudishe mtu nyumbani kwa heshima.

Kisha lipo jambo ambalo wageni hustaajabu wakilisikia. Baadhi ya wanaofungwa kifaa hawapewi mkondo. Kifaa huwashwa kwa muda wa nusu dakika hivi ili mtu ahisi ule mwasho, halafu hujizima polepole, naye akaendelea kukaa akidhani umeme unapita. Hiyo ndiyo tiba ya kuigiza. Katika majaribio yaliyopangwa vizuri, mtafiti anayempima mgonjwa naye hajui ni nani aliyepewa mkondo wa kweli. Siri imo katika tarakimu za kompyuta hadi mwisho. Si udanganyifu, kwa kuwa kila mmoja ameelezwa tangu mwanzo kwamba anaweza kuangukia kundi lolote, na ametia sahihi kwa hiari yake. Ndilo jambo alilolikosa Aldini: kundi la kulinganisha.

Fikirini sasa mtihani wa huyo mtafiti. Mkataba wake unakwisha mwakani. Ana familia ya kulisha. Majarida hupenda zaidi habari ya "tumepata" kuliko habari ya "hatukuona tofauti". Ana data za watu 30, na akizigeuza upande huu au ule, yamkini kitu kitajitokeza. Ndiyo sababu siku hizi watafiti wengi huandikisha hadharani, kabla ya kuanza, ni kitu gani watakipima na kwa hesabu gani, ili baadaye wasiweze kuhamisha goli. Mwenye kusimamia mizani huchunga ulimi wake na hesabu yake hata pale ukweli unapompunguzia riziki. Hiyo ni amana, na mgonjwa aliye mbali naye kabisa ndiye anayeitegemea.

Mizani imesema nini?

Tutazame ugonjwa wa huzuni, ambao umechunguzwa sana. Mwaka 2017, kundi la André Brunoni huko São Paulo, Brazili, lilichapisha jaribio la wagonjwa 245. Wengine walipewa mkondo, wengine dawa ya kawaida ya huzuni, wengine vyote viwili vya kuigiza. Mkondo ulishinda tiba ya kuigiza, lakini haukuthibitika kuwa sawa na dawa. Na wagonjwa wawili katika kundi la mkondo walipatwa na msisimko wa akili uliopita mpaka, ambao hawakuwa nao kabla.

Mwaka 2023 jaribio jingine lilitoka Ujerumani: wagonjwa 160 waliokuwa tayari wanatumia dawa waliongezewa mkondo wa kweli au wa kuigiza kwa wiki sita. Mwishoni hapakuonekana tofauti baina ya makundi hayo mawili. Mwaka 2024 likatoka jaribio la wagonjwa 174 wa Uingereza na Marekani, waliotumia kifaa nyumbani kwao kwa wiki kumi huku watafiti wakiwafuatilia kwa mazungumzo ya video. Hapa mkondo ulishinda: waliotoka katika huzuni walikuwa takriban asilimia 45 katika kundi la mkondo wa kweli, na takriban 22 katika kundi la kuigiza.

Msomaji atauliza: je, tumwamini yupi? Jawabu ni kwamba kila mmoja amesema alichokiona. Wagonjwa walitofautiana, muda ulitofautiana, na dawa walizokuwa nazo zilitofautiana. Lakini angalieni vyema ile asilimia 22 ya mwisho. Watu wawili katika kila kumi walitoka katika huzuni pasipo kupewa umeme wa tiba. Lau muuzaji wa kofia angalitumia hao pekee kama mashahidi, angalijaza gazeti zima kwa shuhuda za kweli, na kofia yake isingalikuwa imefanya lolote.

Fuvu nalo lina neno

Upo ugumu mwingine, nao ni wa mfupa. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na György Buzsáki, mtaalamu wa ubongo wa New York, walichapisha vipimo vilivyofanywa kwa panya na kwa maiti za watu. Walikuta kwamba takriban asilimia 75 ya mkondo uwekwao juu ya kichwa hupotelea katika ngozi, nyama na fuvu kabla ya kufika ndani. Najua neno maiti halipiti vivi hivi masikioni mwetu, na heshima ya maiti ni jambo zito. Nalitaja kwa sababu tumbuizo nyingi za wauzaji hukaa kimya mbele ya kipimo hicho. Kinachoufikia ubongo ni kidogo mno, nacho hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa unene wa mfupa wake.

Hapa ndipo kazi ya watafiti wachanga inapong'aa. Nir Grossman alikuwa mtafiti wa baada ya uzamifu katika maabara ya Ed Boyden katika chuo cha MIT, Marekani, alipolishughulikia swali hili: vipi tufike kilindini mwa ubongo bila kupasua na bila kusumbua sehemu za juu? Mwaka 2017 yeye na wenzake walionyesha njia kwa panya. Walipitisha mikondo miwili ya kasi sana, mmoja wa mapigo 2,000 kwa sekunde na mwingine 2,010. Kasi hizo ni kubwa mno hata chembe za ubongo hazizifuati. Lakini mikondo hiyo inapokutana ndani, tofauti yake, yaani mapigo 10 kwa sekunde, hujitokeza, na hayo chembe huyafuata. Ni kama ngoma mbili zinazopigwa karibu kwa kasi moja: aliyekaa mahali zinapokutana husikia mdundo wa tatu ambao hakuna aliyeupiga. Mwaka 2023 watafiti wa Imperial College, London, naye Grossman akiwamo, walichapisha majaribio ya njia hiyo kwa watu wazima wenye afya, wakilenga sehemu ya ndani inayohifadhi kumbukumbu. Kutoka panya hadi mtu mwenye afya ilichukua miaka sita. Kutoka mtu mwenye afya hadi mgonjwa ni safari nyingine.

Na kwa wazee wetu, kundi la Robert Reinhart wa Chuo Kikuu cha Boston lilichapisha mwaka 2022 kazi iliyohusisha watu 150 wa umri wa miaka 65 hadi 88. Walipewa mkondo unaobadilika mwelekeo, dakika 20 kwa siku, siku nne mfululizo, huku wakijaribu kukumbuka orodha za maneno. Uwezo wao wa kukumbuka maneno hayo uliongezeka, na ulionekana hata baada ya mwezi mmoja. Ni habari njema. Lakini kukumbuka orodha ya maneno maabara si sawa na mzee kukumbuka jina la mjukuu wake, na watu hao hawakuwa wagonjwa wa kupoteza akili.

Sisi tufanye nini?

Kuhusu usalama, tathmini iliyochapishwa mwaka 2016 ilikusanya vikao zaidi ya 33,000 vya maabara na hospitali vilivyofuata viwango vilivyowekwa, na haikukuta dhara kubwa lililosababishwa na mkondo. Wekundu wa ngozi, mwasho na kuumwa kichwa kidogo hutokea. Lakini mwaka huo huo kundi la watafiti wa fani hii hii liliandika barua ya wazi kuwaonya wanaojifunga nyaya wenyewe majumbani. Walisema mkondo husambaa zaidi ya mahali ulipowekwa, kwamba faida katika jambo moja huweza kuwa hasara katika jingine, na kwamba mabadiliko yaweza kudumu muda mrefu kuliko mtu alivyokusudia. Wanaokijua kifaa hiki kuliko sisi ndio waliosema hivyo.

Basi, kijana wetu asijitengenezee, wala asimfunge dada yake anayejiandaa kwa mtihani. Ubongo wa mtoto ungali unajengwa. Mwenye kifafa, mwenye chuma kichwani au mwenye kifaa cha moyo asiguse kabisa bila ya daktari wake. Mgonjwa wa huzuni asiache dawa kwa sababu amesoma habari ya kofia. Kuacha dawa ghafla kumewaangusha wengi. Na anayezungumzia kujiua apelekwe hospitali leo, si baada ya kifurushi kufika. Dua zetu kwa mgonjwa hazipingani na safari ya hospitali. Zote mbili zafaa kufanyika asubuhi moja.

Yeyote atakayekuletea kifaa hiki au kukuomba umwandikishe mgonjwa wako, muulize maswali manne. Umepimwa dhidi ya tiba ya kuigiza, na kwa watu wangapi? Umepimwa kwa wagonjwa wa ugonjwa huu, au kwa watu wazima wenye afya? Ni daktari gani atakayemwangalia kila wiki? Na likitokea baya, nimpigie nani? Watu wa Kilifi wamezoea jambo hili. Tangu mwaka 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kipo kwao, na wazazi wengi wameketi na mtafiti akawasomea karatasi ya idhini kabla mtoto hajaguswa. Mtafiti mwaminifu huyapenda maswali. Anayeyakasirikia, mshukuru na umfungulie mlango atoke.

Na ukiwa na mzee aliyepooza nyumbani, usingoje umeme wa Göttingen wala wa Boston. Yale mazoezi ya mkono aliyoelekezwa hospitalini, ambayo familia huyaacha baada ya mwezi mmoja kwa uchovu, ndiyo yule baharia tuliyemtaja. Mkae naye leo baada ya alasiri, mumfungue vidole kimoja kimoja, na kesho mrudie.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza.